TAA YA ONYO ISIZIBWE MDOMO



Katika barabara inayotoka Mansa kupitia Mwense, Mwansabombwe na Mbereshi mpaka Nchelenge na Kashikishi, jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na baada ya nusu saa giza limekwisha kutanda. Vijiji vya bonde la Luapula vimejipanga kandokando ya barabara kama shanga kwenye uzi. Jioni ndipo watu wengi wanapokuwa njiani: akina mama wenye karai za samaki, vijana wa baiskeli wenye magunia ya muhogo na mkaa, watoto wanaorudi kisimani. Katikati ya watu hao hupita malori yanayobeba samaki kutoka ufukoni mwa Ziwa Mweru, na malori ya mashamba yanayowarudisha vibarua makwao.

Leo nataka tuzungumze habari ya kitaa kidogo kilichomo ndani ya malori hayo, mbele ya uso wa dereva. Ni kile kitaa cha dashibodi kinachotoa habari za taa kubwa za mbele. Kitaa hiki kikianza kuwaka ovyo, katika karakana nyingi dawa yake ni moja: king'olewe, au waya wake ukatwe, lori liende kazini. Maoni yangu ni kwamba tendo hilo si ufundi. Ni kumziba shahidi mdomo, na chama cha wafanyakazi hakina budi kulipinga kama kinavyopinga kukatwa mishahara.

Najua wako watakaosema kwamba chama kina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia kuliko balbu ya dashibodi. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

KITAA HICHO KINASEMA NINI

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe, maana mtu asiyejua kitu hawezi kukitetea.

Katika magari mengi kitaa hiki ni cha rangi ya buluu, na huwaka dereva anapoweka taa za ful. Akirudisha dimu, kinapaswa kuzimika kabisa. Kazi yake ni kumkumbusha dereva kwamba mwanga wake unampiga usoni mtu anayekuja mbele. Katika magari mapya kipo pia kitaa cha rangi ya manjano kinachowaka balbu ya nje inapoungua.

Sasa hutokea hivi. Dereva ameweka dimu, lakini kile cha buluu kinawaka kidogokidogo, kama mtu anayenong'ona. Nje, taa moja ya mbele inamulika sawasawa na ya pili imefifia, rangi yake ya manjano kama ya koroboi iliyokaribia kuishiwa mafuta. Mara nyingi dereva huambiwa kwamba swichi imekufa, au kwamba ni «umeme wa gari la zamani». Lakini kosa hili lina sababu yake, nayo si uchawi.

Balbu ya kawaida ya taa kubwa ina nyuzi mbili ndani yake, moja ya dimu na moja ya ful. Ina miguu mitatu. Mguu mmoja huleta umeme wa dimu, mguu wa pili huleta umeme wa ful, na mguu wa tatu ni wa pamoja: ndio unaorudisha umeme kwenye bodi la gari na hatimaye kwenye betri. Mafundi huuita waya wa ethi. Waya huo ukishika kutu au bolti yake ikilegea, umeme ulioingia kwa njia ya dimu hukosa mlango wa kutokea. Hapo hutafuta njia ya panya. Hupita katika uzi wa ful kinyumenyume, hupanda waya wa ful, na kutoka huko huteremkia kwenye taa ya upande wa pili na kwenye kile kitaa cha dashibodi. Ndiyo maana kitaa kinawaka wakati hakikuitwa.

Kwa hiyo kitaa hakina kosa lolote. Kinasema kweli: kwamba mbele ya gari kuna waya mmoja uliokufa, na taa moja haifanyi kazi yake.

Hatari yake ni mbili. Ya kwanza, barabara inapata mwanga pungufu. Balbu iliyotengenezwa kwa volti 12, ikipata volti 10.8 tu, hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Na mahali penye kutu kali upungufu wa volti huzidi huo. Ya pili, dereva hajui tena kama ameweka ful au dimu, maana kitaa chake kinawaka katika hali zote mbili. Na kikishang'olewa, hajui kabisa. Anaweza kwenda kilomita 50 akiwapofusha wenzake pasipo kujua.

Tufanye hesabu ya shule. Lori likienda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva mwenye macho mazuri na asiyechoka huhitaji zaidi ya sekunde moja kuona kitu, kukitambua, na kukanyaga breki. Hapo mita 20 na zaidi zimekwisha kupita kabla breki hazijaanza kazi, na lori lenye mzigo halisimami papo hapo. Taa nzima ya dimu humulika makumi machache ya mita tu. Taa ya koroboi je? Mwenye baiskeli isiyo na taa ataonekana wakati wa kumwona umekwisha pita.

KWA NINI HUKU KWETU KOSA HILI NI LA KILA SIKU

Waya wa ethi huharibika popote duniani, lakini kazi zetu zinauharakisha. Lori la samaki huchuruzika maji ya barafu, utelezi wa samaki na chumvi ya samaki wakavu, na maji ya chumvi hula shaba na chuma haraka kuliko maji matupu. Lori la shamba hupita katika vumbi miezi ya kiangazi na katika matope miezi ya masika. Kisha likirudi huoshwa kwa mpira wenye nguvu, maji yakaingia nyuma ya taa na kubaki humo. Na katika mashimo bolti hulegea zenyewe.

Tena hapa ziwani tuna msimu wetu. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia mwezi wa Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa. Uvuvi unapofunguliwa, kila mwenye lori hutaka kwenda Copperbelt usiku na mchana. Malori yaliyokaa mvuani miezi mitatu huingizwa barabarani yakiwa na kutu yao yote. Huo ndio wakati wa kuyachunguza, na ndio wakati yanapochunguzwa kidogo kuliko wakati wowote.

Wengi wa wanaokwenda Copperbelt huvuka daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, wakakata kipande cha nchi ya Kongo. Zambia tunaendesha kushoto, Kongo wanaendesha kulia. Taa za dimu za Zambia zimepangwa kurusha mwanga zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ukiingia Kongo na taa hizohizo, upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Basi hapo tayari unamsumbua hata kama gari lako ni zima. Ukimwongezea na ful ambayo hujui kwamba inawaka, umemfanya kipofu. Na sisi wa ufuko huu, ambao kila siku tunapokea mitumbwi kutoka Pweto na Kilwa ya ng'ambo na kusikia Kiswahili cha Katanga sokoni Kashikishi, tunajua kwamba anayekuja mbele yetu huko ni ndugu yetu.

NAMNA YA KULITAFUTA KOSA

Nitaandika njia yenyewe, ili dereva au utingo asiambiwe tena kwamba jambo hili linataka fundi wa kutoka Lusaka.

Kwanza, zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, na uelekeze gari kwenye ukuta wakati wa jioni. Washa dimu. Tazama ni upande gani uliofifia. Washa ful, tazama tena. Andika ulichoona.

Pili, fungua sanduku la fyuzi. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Usitie msumari, wala waya, wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni waya dhaifu uliowekwa makusudi ili uungue yeye na gari lisiungue. Mafundi wa Land Cruiser na Hilux za zamani wajue jambo moja: katika magari mengi ya Kijapani umeme hukatwa upande wa ethi, na kila taa ina fyuzi yake. Katika magari hayo fyuzi moja iliyoungua huweza kuleta dalili ileile ya kitaa cha buluu kuwaka kwenye dimu. Kwa hiyo fyuzi zitazamwe kabla ya kufungua kitu kingine.

Tatu, kama fyuzi ni nzima, chukua waya mrefu. Ncha moja ifunge kwenye hasi ya betri. Washa dimu, halafu ncha ya pili iguse mguu wa ethi wa ile taa iliyofifia. Angalia usiguse miguu mingine miwili. Kama taa itaruka na kung'aa, na kile kitaa cha buluu kikazimika, basi mgonjwa amepatikana. Si swichi, si dashibodi, ni ethi.

Nne, mwenye mita ya volti anaweza kupima bila kubahatisha. Taa ikiwa inawaka, weka kijiti kimoja kwenye hasi ya betri na cha pili kwenye mguu wa ethi wa taa. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, hiyo ni njia iliyoziba.

Tano, matengenezo. Zima taa na utoe kwanza waya wa hasi wa betri. Fuata waya wa ethi mpaka kwenye bolti yake ya bodi. Fungua bolti, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae kama sarafu mpya, sugua na kichwa cha waya. Waya uliogeuka kijani ndani ukatwe mpaka ifikiwe shaba safi, ufungwe kichwa kipya. Kaza, kisha paka grisi kuzuia maji. Usisokote nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga plasta. Hiyo ni kuahirisha kosa mpaka mvua ya kwanza.

Sita, kama taa zote mbili zimefifia na ethi ni nzuri, tazama upande wa pili: rilei, swichi, na viunganishi vyake. Kiunganishi kilichobadilika rangi na kuwa cha kahawia kimeungua kwa joto. Mara nyingi sababu ni balbu kubwa kuliko nyaya. Balbu ya dimu ya wati 55 katika gari la volti 12 huvuta ampea kama 4.6. Ukiweka ya wati 100, inavuta zaidi ya ampea 8 katika waya uleule mwembamba. Mwanga unaoupata usiku wa kwanza utaulipa kwa swichi iliyoyeyuka.

Na neno la mwisho la ufundi ni kwa wale walioweka balbu za LED katika magari yenye kitaa cha manjano. Balbu hizo huvuta umeme mdogo sana, na kifaa cha kupima hudhani kwamba balbu imeungua. Hapo pia watu hukimbilia kukata waya wa onyo. Afadhali rudisha balbu ya aina iliyotengenezewa taa hiyo. Siku balbu itakapoungua kweli utapata habari.

Sasa hesabu, ndugu msomaji: msasa, bolti, kipande cha waya, grisi kidogo, na nusu saa au saa moja ya fundi. Hayo ndiyo matengenezo ambayo lori zima lililobeba roho za watu linanyimwa.

HADITHI YA DAFTARI

Katika karakana moja niliyowahi kufanyia kazi, dereva aliandika katika daftari la gari: «Kitaa cha buluu kinawaka ovyo, taa ya kushoto hafifu.» Aliandika vizuri, kwa mkono wake, na tarehe. Msimamizi akasema lori lazima liende, mzigo unasubiri. Akaagiza balbu ya dashibodi itolewe. Ikatolewa. Katika daftari likaandikwa neno moja: «Imetengenezwa.»

Wiki tatu lori lile lilikwenda na jicho moja. Usiku mmoja polisi wa barabarani wakalisimamisha, wakamtoza dereva faini. Faini ikakatwa katika mshahara wake. Aliposema kwamba aliripoti, akaonyeshwa daftari: si limeandikwa imetengenezwa? Jumapili iliyofuata mimi nililifungua. Ilikuwa bolti moja ya ethi nyuma ya taa ya kushoto, imevimba kwa kutu. Msasa ulimaliza kazi kabla ya chai ya saa nne.

Tazameni jinsi jambo hili lilivyokwenda. Gari la mwajiri lilikuwa na kosa. Mfanyakazi aliliona, akalisema. Kosa halikuondolewa, kilichoondolewa ni alama ya kosa. Kisha adhabu ikamwangukia yule aliyesema. Katika viwanda na mashamba mangapi jambo la namna hii halijatokea, si kwa taa tu, bali kwa kengele ya boila, kwa kizuizi cha mkanda wa mashine, kwa barakoa ya dawa ya kunyunyizia? Kila palipo na alama inayosema «simama», yupo mtu anayepata hasara kazi ikisimama. Na mtu huyo mara nyingi si yule atakayekufa kazi isiposimama.

«AJALI HAINA KINGA»

Wakubwa wa kazi wanapenda msemo huu. Baada ya mazishi husimama na kusema: ajali haina kinga, ni kazi ya Mungu. Mimi nasema Mungu asisingiziwe. Ziko ajali zisizo na kinga. Mti ukiangukia gari hakuna wa kulaumiwa. Lakini kosa lililowasha taa, likaonekana, likaandikwa katika daftari, lilikuwa na kinga yake. Kinga ilikuwa ni msasa.

Watu wa Luapula hawahitaji kufundishwa uchungu wa jambo hili. Mwezi wa Aprili 2005 makumi ya wanafunzi wa Kawambwa walikufa katika lori lililokuwa likiwasafirisha, lilipopinduka. Sisemi kwamba taa ndiyo iliyowaua. Ninachosema ni kwamba binadamu aliyepakiwa nyuma ya lori hana mkanda, hana kiti, hana kuta. Gari dogo likiingia shimoni, abiria huumia. Lori likiingia shimoni, watu humwagika kama mahindi. Kwa hiyo lori linalobeba watu linapaswa kuwa zima kuliko gari la mkurugenzi, na siyo kinyume chake kama tunavyoona.

Wakubwa watajibu kwamba samaki wataoza, na majani mabichi ya chai hayawezi kungoja shambani mpaka kesho. Ni kweli. Kibarua wa chai wa Kawambwa anajua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyeyachuma. Lakini bolti ya ethi haihitaji siku. Inahitaji saa moja, na saa hiyo ingepatikana asubuhi gari lilipokuwa limesimama. Samaki hawakuozeshwa na dereva aliyekataa kwenda gizani. Waliozeshwa na yule aliyesoma daftari Jumatatu akanyamaza mpaka Ijumaa.

Lakini tusiwe wanafiki. Wapo na madereva wenzetu wanaong'oa kitaa wenyewe, kwa sababu kinawaudhi macho. Wapo na vibarua walioko nyuma ya lori wanaopiga mabati na kelele «twende, twende», kwa kuwa wamechoka na wanataka kufika nyumbani. Naelewa uchovu huo. Lakini tukimlazimisha dereva kuondoka na taa mbovu, tumejifanya manyapara wa nafsi zetu, bila hata kulipwa posho ya unyapara.

SHERIA INASEMAJE

Mfanyakazi asidhani kwamba anaomba fadhila. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa katika kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuwa pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, anapaswa kulindwa asipatwe na madhara yasiyo ya haki. Zambia iliridhia mkataba huo mwaka 2013. Mwaka 2022 shirika hilo liliutangaza kuwa miongoni mwa mikataba yake ya msingi, pamoja na ile ya uhuru wa vyama na ya kupinga kazi za kulazimishwa. Zambia inayo pia Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 2010, inayotaka pawepo kamati ya afya na usalama mahali penye wafanyakazi 10 au zaidi. Na ndugu zetu wa Kenya wanayo sheria yao ya mwaka 2007, inayomtaka mfanyakazi aripoti hatari ya karibu kwa msimamizi wake, na kumzuia mwajiri asimrudishe kazini penye hatari mpaka hatari iondolewe.

Dereva anayeona giza mbele yake na kukataa kuwapeleka watu 40 katika giza hilo, anatumia haki ambayo nchi yake imeitia saini. Lakini haki iliyoandikwa Geneva haifiki Kashikishi kwa miguu yake yenyewe. Dereva mmoja akikataa peke yake, kesho yake atapatikana dereva mwingine wa kushika usukani. Tawi zima likikataa, atapatikana fundi wa kushika msasa.

TUNACHODAI

Napendekeza mambo haya yafikishwe katika mkutano wa kila tawi lenye magari, na yaingizwe katika mazungumzo na mwajiri:

1. Daftari la makosa ya gari liwe na nakala mbili. Moja ibaki karakana, ya pili ishikwe na mwakilishi wa wafanyakazi. Neno «imetengenezwa» liandikwe na fundi mwenyewe, pamoja na kazi aliyoifanya, na dereva atie saini baada ya kuona.

2. Ni marufuku kung'oa au kukata waya wa taa yoyote ya onyo. Atakayetoa amri hiyo aiandike kwa jina lake. Tutaona ni wangapi watakaoandika.

3. Faini ya kosa ambalo dereva amekwisha liandika katika daftari ilipwe na mwajiri, wala isiguse mshahara.

4. Lori linalobeba wafanyakazi likaguliwe taa kila juma wakati wa mchana, na taa za mbele zitazamwe tena likiwa na mzigo, maana nyuma ikilala kwa uzito, mbele huinuka na mwanga hupanda angani.

5. Kila lori liwe na kisanduku chake: balbu mbili, fyuzi za ampea sahihi, msasa, waya, vichwa vya waya, na taa ya kupimia.

6. Dereva au fundi anayesimamisha gari kwa sababu ya usalama asiadhibiwe, na kamati ya usalama iitwe siku hiyohiyo kuamua.

Hakuna hata moja katika madai haya linaloweza kumfilisi mwajiri. La tano linagharimu chini ya tairi moja. La kwanza linagharimu daftari. Kama mwajiri atayakataa, basi hakatai gharama, anakataa kuonekana. Na hapo tutakuwa tumejua jambo la maana kuliko hali ya taa zake.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema tufumbe macho ili mawingu yaondoke. Jioni ya leo, kabla hamjapanda lori, mwambieni dereva awashe dimu na mmoja wenu asimame mbele atazame. Kama ni macho mawili sawasawa, pandeni. Kama ni jicho moja na koroboi, simameni chini wote kwa pamoja, mkamwite fundi.